Je, Wajua? Godoro la lateksi na mashine ya keki

Godoro la lateksi huanzia kwenye utomvu mweupe wa mti wa mpira, wenye asili ya misitu ya Amazon. Mwaka 1929, nchini Uingereza, mwanasayansi wa kampuni ya Dunlop, E. A. Murphy, aliupigapiga utomvu huo mpaka ukaumuka povu. Husimuliwa kuwa alitumia mashine ya jikoni ya kukorogea keki. Povu likamiminwa kwenye kalibu, likapashwa moto, likashika pamoja na vitundu vyake vya hewa.

Kwa njia hiyo ya Dunlop, chembe nzito hutuama kabla povu halijashika, ndiyo maana upande mmoja wa godoro huwa mgumu kidogo. Njia nyingine, iitwayo Talalay, huligandisha povu kwa baridi kwanza, nalo hutoka laini na sawasawa zaidi.

Dukani, usibonyeze kwa kiganja, kiganja hakilali. Jilaze kwa mkao wako wa usiku, dakika kumi nzima, muuzaji anune akitaka. Alalaye ubavu anahitaji ulaini wa kupokea bega na nyonga; alalaye kifudifudi, ugumu zaidi, kiuno kisizame. Uliza pia kama ni mpira wa asili au uliotokana na petroli, maana vyote viwili huuzwa kwa jina la lateksi. Mwenye mzio wa mpira amwone daktari kwanza.

Nyumbani, chaga za kitanda zikaribiane. Na ule mtindo wetu wa kuanika magodoro juani? Lateksi haiuwezi: jua huikausha ikapukutika. Ipigwe upepo kivulini.