Kijiti Atajwa Naivasha

Msafiri wa pwani akifika Naivasha, baridi ya ziwa humwingia mifupani na nafsi ikatamani kahawa. Ndivyo yalivyonifika nilipopitia mji huo wa reli na mashamba ya maua. Nilikwisha swali laasiri, nikaketi mkahawani, na pale kijana mmoja akafungulia nyimbo katika simu yake. Ikatoka sauti ya Unguja!

Mwimbaji ni Siti Muharam, kitukuu cha marehemu Siti binti Saad, na santuri yake, Siti of Unguja, ilitolewa mwaka 2020. Nyimbo ni za bibi yake, yule mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani, akafariki mwaka 1950. Mavazi ndiyo mapya: udi upo, kidumbaki kipo, na pamoja navyo besi nzito na milio ya mitambo ya umeme.

Nakiri mwanzo nilikunja uso. Sisi tuliolelewa chuoni, tukafunzwa kwamba kila herufi ina haki yake, twachelea ngoma isije ikameza neno. Na katika taarabu neno ndilo bwana, ala ni watumishi.

Kisha ukaja wimbo wa Kijiti. Vijana wawili waliotoka kazini shambani wakaacha mazungumzo yao. Mmoja akaniuliza, “Mzee, huyo Kijiti alifungwa?”

Nikamweleza kwamba kisa ni cha kweli. Mwanamke mgeni aliuawa Unguja. Kijiti akatoroka, na wanawake waliosimama kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Siti hakujua kusoma wala kuandika, lakini hukumu ile hakuiacha ipite kimya. Aliiimba, na watu wakaihifadhi.

Kijana akashika kikombe chake asinywe. Akasema, “Na leo yapo hayo.”

Hapo, wasomaji wangu, uso ukanikunjuka. Kama ngoma mpya imemfikishia kijana wa bara shitaka la zamani, na yeye akauliza haki ilikwenda wapi, basi neno halikumezwa. Iliyobaki ni kazi yetu wazee: tusiwaachie vijana mdundo mtupu. Wakituuliza Kijiti ni nani, tuwaambie, tena tuwaambie na majina ya wale waliodhulumiwa, tukiyajua. Wasiojua kisa wataucheza wimbo tu, na Siti hakuutunga kwa ajili hiyo.