Kutoka Cherewa Hadi Kanuni

Kanuni haitaki haraka. Nyuzi zake ni zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na kabla ya mazoezi kuanza mpigaji huinama juu yake na ufunguo mkononi, akikaza huu na kulegeza ule. Fidla inasubiri. Udi unasubiri. Mwenye ngoma ya dumbak, ambaye vidole vinamwasha, anaambiwa atulie. Kwa mtoto wa miaka kumi anayejifunza taarab mjini Unguja, kusubiri huko kunaweza kuonekana kurefu kuliko wimbo wenyewe, lakini ndiko kunakomwonyesha mapema kwamba amekuja kupiga na wenzake.

Mji huu una mazoea ya siku nyingi ya kulea wanamuziki ndani ya vikundi. Ikhwani Safaa, jina lenye maana ya ndugu wa nyoyo safi, kilianzishwa mwaka 1905 na kingali hai. Culture Musical Club kilizaliwa mwaka 1958, kikiwa na mizizi katika jumuiya ya vijana ya chama cha Afro-Shirazi. Vyote viwili vimepitisha vizazi vya wapigaji. Swali ni nani aliyeruhusiwa kuingia, na alianza kukaa wapi.

Mlango wa zamani ulikuwa undugu na ujirani. Mtoto alifuatana na baba au mjomba hadi klabuni, akakaa pembeni, akasikiliza. Hakukuwa na daftari. Nyimbo zilishikwa kwa sikio, na siku mmoja wa wakubwa alipochelewa, kijana akakabidhiwa cherewa za kutikisa: haya, shika mdundo. Kutoka hapo alisogea taratibu, kiti kwa kiti, kuelekea kwenye vyombo vya nyuzi.

Waliokosa mjomba klabuni walikuwa na kidumbak. Huu ni muziki wa harusini na mitaani, ndugu mdogo wa taarab, na wapigaji wengi wa vikundi vikubwa walinolewa humo. Unahitaji dumbak mbili ndogo, cherewa, vijiti vya mkwasa, fidla moja na sanduku. Sanduku lenyewe ni kama linavyoitwa: boksi la mbao lililopinduliwa juu chini, fimbo iliyosimama ubavuni, na uzi mmoja uliofungwa kutoka kichwa cha fimbo hadi kwenye mbao. Mpigaji akiivuta fimbo, uzi unakaza na sauti inapanda, akiilegeza, inashuka. Hakuna alama inayomwonyesha afike wapi. Kijana anayeweza kutoa besi iliyonyooka kwenye sanduku, huku bibi harusi anasubiriwa na akina mama wamekwisha kusimama kucheza, hahitaji mtihani mwingine. Makame Faki, aliyejulikana kwa jina la Sauti ya Zege, alikuwa mwimbaji wa Culture na wakati huohuo kinara wa kidumbak. Hakuona haya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa wasichana mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Si kwamba wanawake hawakuwa na muziki. Mwimbaji Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na baada yake vikaibuka vikundi vya wanawake vyenye majina ya kutamba kama Royal Air Force, Royal Navy na Nuru el-Uyun. Lakini mwanamke aliitwa kuimba. Kanuni, udi na fidla vilibaki mikononi mwa wanaume. Msichana aliyekulia katika muziki alijua kila ubeti, na huenda hakuwahi kugusa uzi hata mmoja.

Hapo ndipo chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kinachojulikana zaidi kwa kifupi DCMA, kilipobadili mambo. Kilifunguliwa mwaka 2002 na kwa miaka mingi kikakaa katika jumba la zamani la forodha, barabara ya Mizingani, mkabala na bahari. Sharti la kuingia halikuwa tena mjomba. Msichana aliweza kujiandikisha, kuchagua chombo na kukaa safu ya mbele tangu siku ya kwanza.

Nota za karatasi za chuoni nazo zilikuja na mtihani wake. Katika bayati, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki huu, kuna sauti inayokaa katikati ya vitufe viwili vya piano, haibonyezwi, inatafutwa. Shingo ya udi na ya fidla haina vizuizi, kwa hiyo kidole kikisogea kwa unene wa ukucha tu, wimbo unatoka nje ya njia. Karatasi inaweza kumwonyesha mwanafunzi aelekee wapi. Kufika huko kunahitaji sikio, na sikio hulipata akikaa karibu na mtu anayejua. Kwa hiyo desturi ya klabu haikufa, ilihamia darasani.

Matunda yanaonekana. Amina Omar Juma, anayejulikana kama Siti Amina, huimba na kupiga udi. Pamoja na wenzake waliopita chuoni hapo, akiwamo mpiga fidla Rahma Ameyr na mpiga kanuni Gora Mohammed, waliunda Siti and the Band. Kabla yao, mwaka 2009, mwanahabari Mariam Hamdani alikuwa ameanzisha Tausi, kikundi cha taarab ambacho wapigaji wake ni wanawake.

Fedha ndizo zinazosumbua. Mwaka 2019 uongozi wa chuo ulieleza hadharani kwamba misaada ya wafadhili imepungua na kwamba huenda milango ikafungwa. Ada za wanafunzi hazitoshi kulipa walimu, na ada ikipandishwa, atakayeondoka kwanza ni mtoto yuleyule ambaye hakuwa na mjomba klabuni.

Hoteli za Mji Mkongwe huutumia muziki huu kuwapokea wageni. Ni haki zichangie pia kuwasomesha watakaoupiga kesho. Njia ya kutoka darasani hadi jukwaani si ndefu: kutoka jumba lile la zamani la forodha hadi Ngome Kongwe, panapofanyika tamasha la Sauti za Busara, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kando ya bahari. Siti and the Band wamekwisha kupanda jukwaa hilo.