Mbolea Iendayo na Maji

Aingiaye katika mabonde ya Lushoto hukuta kabichi, karoti na pilipili hoho zimepangwa tuta kwa tuta. Shamba halipumziki, wavunapo leo, kesho wapanda. Mboga hizo zafika hata masokoni Dar es Salaam, basi mfanyakazi wa mjini naye ana sehemu yake katika habari hii.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na hizo ndizo mkulima alizonunua. Akiimwaga juu ya udongo wenye unyevu na kuiacha juani bila kuifukia, sehemu yake hugeuka amonia ikaruka hewani kwa siku chache tu. Akiitia yote wakati wa kupanda, miche ikiwa bado na mizizi mifupi, hugeuka nitrati, nayo haishikwi sana na udongo. Mvua ya masika, au mfereji uliofunguliwa kupita kiasi, huishusha chini ya mizizi, na yaweza kufika visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanyweshwao maziwa ya chupa, maana ikizidi, damu yao hushindwa kuchukua oksijeni.

Wapo wasemao kuwa mkulima ni mzembe. Maneno hayo si ya haki. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda hata Serikali ikatoa ruzuku. Nani atupaye kwa makusudi kitu kilichopatikana kwa taabu hiyo? Hutia nyingi kwa kuogopa kabichi zisiwe manjano. Tena hasara hii haionekani: mwizi akiiba kabichi kumi kijiji kizima hupiga yowe, bali mfuko ukiyeyuka, kimya.

Dawa yake haihitaji mtambo. Mbolea na igawanywe: kidogo miche ishikapo, nyingi kabla kabichi hazijafunga. Itiwe kando ya mche, ifukiwe siku ile ile, na maji yafungwe udongo ukiisha kulowa. Samadi nayo ihesabiwe. Wengi huitia kwa wingi, kisha huongeza urea kama kwamba samadi ni udongo mtupu.

Twawaomba mabwana shamba wasihubiri tu. Wachague tuta moja la mkulima mwenyewe, nusu litiwe mbolea kama desturi yake, nusu lipunguziwe robo na kugawanywa mara tatu. Siku ya mavuno mizani iletwe pale pale shambani, na mkulima apime kwa mkono wake.