Kidege na Kigong'ota Redioni

Alasiri ya Januari, mawingu yatandapo juu ya Tosamaganga, redio ya masafa mafupi huanza kukwaruza kabla ya tone la kwanza la mvua. Mwenye redio huipeleka kwa fundi, na aghalabu hulipa bure. Waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kuwasiliana hewani kwa kujifunza wala si kwa malipo, hawaridhiki na neno "mikwaruzo". Kila kelele wameipa jina lake, kwa kuwa kila moja ina chanzo chake.

Mikwaruzo ya radi huitwa QRN. Kelele zitokazo kwa watu na mitambo yao huitwa QRM. Radi ni cheche kubwa ya umeme itoayo mawimbi ya masafa mengi kwa pamoja. Baadhi yake hurudishwa chini na tabaka la anga lenye ioni, hivyo radi ya Bonde la Kongo huweza kusikika Iringa hata anga likiwa jeupe. Fundi hana la kufanya hapo. Afadhali kuhamia masafa ya juu zaidi, ambako nguvu za radi hupungua.

"Kidege" ni kitu kingine kabisa: mluzi mwembamba usikikao daima mahali palepale redioni. Saketi ya ndani inayotetema kwa megahezi 4, kwa mfano, hutoa pia mawimbi dhaifu ya megahezi 8, 12 na 16; redio ikifika hapo hujisikia yenyewe. Jaribio lake ni jepesi mno hata darasani: chomoa antena. Mluzi ukibaki, umezaliwa ndani.

Mashuhuri kuliko yote alikuwa "kigong'ota". Tangu 1976 dunia nzima ilisikia mgongo wa kasi, mapigo 10 kwa sekunde, yakiruka kutoka masafa hadi masafa. Waendeshaji wa nchi mbalimbali walipima mwelekeo wake, na mistari yao ikakutana Ukraine: ilikuwa rada ya Kisovieti, Duga, karibu na Chernobyl, iliyotazamia makombora ng'ambo ya upeo wa macho. Ilinyamaza 1989.

Siku hizi wasumbufu wamo nyumbani: vichaji vya simu, taa za LED, vidhibiti vya umeme wa jua. Humtambua kila mmoja kwa kuvizima kimoja kimoja, redio ikiwa inatumia betri.