Gari Lakusemesha Kijapani, Nawe Wanyamaza?

Umepanda Probox ya mtu asubuhi pale Changamwe. Dereva anawasha injini, na kabla redio haijashika kituo, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Hakuna anayejibu. Dereva mwenyewe hajui ameambiwa nini, na hilo ni gari lake.

Nimeisikia sauti hiyo miaka mingi kabla ya kujua inasema nini. Inasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu huko Japani. Yaani gari limeshushwa Kilindini, limesajiliwa, linabeba mikate na abiria, na bado kila asubuhi linaulizia kadi yake ya nyumbani. Maskini.

Lakini hebu iangalie sentensi hiyo tena. "Kaado" si ndiyo kadi? Na hiyo "-masen" mwishoni ni kukana. Sisi hukana mwanzoni mwa kitenzi, wao hukana mkiani. Tabemasu, nakula. Tabemasen, sili. Raha yake ni kwamba hakuna ni-, u- wala a-. Mimi, wewe, yule na majirani wote ni tabemasu tu. Mtu aliyehangaika na ngeli zetu akisikia hivyo atalia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilikataa. Nikawa nashinda kwa binamu yangu Magongo, anafunga na kutengeneza redio za magari. Kila siku analetewa skrini imejaa Kijapani na mwenye gari hajui pa kubonyeza. Neno langu la kwanza la kanji lilikuwa settei, mipangilio. La pili onryou, kiwango cha sauti. Sikuwa na ndoto ya Tokyo wala nini. Nilichoka tu kubahatisha vibonyezo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma Kijapani kwa herufi za Kizungu miezi mitatu mizima. Usifanye hivyo. Hiragana za msingi ni 46, katakana pia 46, na ukikaa nazo kila siku wiki chache zinaingia. Kama uko karibu na magari, anza na katakana, manake ndizo wanazoandikia maneno ya kigeni, na maneno hayo huyavalisha vokali mwishoni kama tufanyavyo sisi: hoteru, basu, keeki, shatsu. Tazama hii: モンバサ. Mo-n-ba-sa. Ushasoma Kijapani. Kanji ndizo nyingi, zile za matumizi ya kawaida ni 2,136, lakini hizo ni safari ya miaka. Leo ziache zilale.

Vokali zao ni a, i, u, e, o, kama zetu. Ukisoma kwa kupitia Kiingereza utajiharibia kitu ulichozaliwa nacho. Mtego uko kwenye urefu. Obasan ni shangazi, obaasan ni nyanya. Mzeeshe shangazi ya mtu uone. Kite ni njoo, kitte ni stempu. Halafu kuna maneno yatakayokuchezea: mimi ni sikio, nani ni nini, kasa ni mwavuli, saba ni samaki jamii ya vibua, na umi, kwetu mama, kwao ni bahari. Hayo huwezi kuyasahau hata ukitaka.

Pesa huhitaji nyingi. NHK World ina masomo ya Kijapani ya sauti yenye maelezo kwa Kiswahili. Vitabu vya Irodori vya Japan Foundation unavipakua bure pamoja na sauti zake. Anki kwenye Android ni bure, nayo hukurudishia neno siku ile unapokaribia kulisahau. Pakua vyote siku moja ukiwa na bando, kisha sahau intaneti.

Sasa nikwambie nilivyoanguka. Mtihani wa JLPT hapa Kenya hufanyiwa Nairobi, mwezi wa Desemba. Ngazi ya chini ni N5. Nilipanda basi la usiku, nikafanya, nikarudi nikijisifu. Matokeo: 96 kati ya 180. Alama ya kupita N5 ni 80. Na bado nilianguka, kwa sababu sehemu ya kusikiliza ina kiwango chake, 19 kati ya 60, nami nilipata 17. Alama mbili! Umi hakusema kitu, aliniwekea chai tu.

Sababu naijua. Nilisoma kwa macho. Kwenye foleni ya feri Likoni nilikuwa nafungua Anki kimya kimya, nikiona haya watu wasije wakaniona nimepagawa. Siku hizi naweka simu sikioni, naicheza sauti, nairudia kwa nguvu. Watu wanadhani naongea na mtu, hakuna anayegeuka. Sentensi moja mara kumi, hadi ulimi uache kuuliza.

Jambo jingine, na hili si mzaha. Rafiki yangu wa Kisauni alitoa elfu ishirini kwa ofisi fulani, akaahidiwa "kozi na kazi Japani." Alipata wiki tatu za karatasi za hiragana zilizotolewa kopi, kisha mlango ukafungwa. Kibali cha kazi kiitwacho tokutei ginou, kilichoanza 2019, kwa kawaida chataka N4 au mtihani wa JFT-Basic, tena na mtihani wa fani yenyewe. Anayekwambia utasafiri baada ya wiki tatu, muulize ni ngazi gani, kisha mtazame usoni.

Binamu yangu sasa ananipa mia tatu kwa kila skrini ninayomtafsiria. Nazitia kando kwa ajili ya nauli na ada ya mtihani. Usajili hufungwa miezi kabla, kwa hivyo usingoje Novemba. Desemba nakwenda tena. Ukiniona kwenye basi nimeweka simu sikioni na naongea peke yangu, kaa hapo karibu, tuulizane.