Kuhifadhi Tovuti Kabla Haijazimwa

Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi nchini Burundi, vituo vya redio vya Bujumbura vilishambuliwa kimoja baada ya kingine: RPA, Bonesha FM, Isanganiro, Renaissance, na hata Rema FM iliyokuwa upande wa serikali. Waandishi waliobaki bila mitambo wakaanzisha SOS Médias Burundi, wakitoa habari kupitia Facebook, Twitter na SoundCloud. Kumbukumbu ya taifa ya miezi ile ikahamia kwenye seva za kampuni za ng'ambo.

Intaneti nayo hufungwa. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, mitandao ya kijamii ilikuwa imekwisha kuzuiwa kwenye simu za Warundi. Oktoba 2017 ikaja zamu ya tovuti ya gazeti la Iwacu, na shirika la Reporters Without Borders likaiwekea nakala pacha kwenye seva nyingine. Nakala pacha ni msaada mkubwa, ila humfaa tu msomaji mwenye mtandao siku hiyo.

Ili habari isomeke hata bila mtandao, lazima ihifadhiwe mapema, na wengi hudhani mlisho wa RSS unatosha kwa kazi hiyo. Hautoshi. Mlisho ni faili fupi yenye kichwa cha habari, tarehe, kiungo, na mara nyingi muhtasari wa mistari michache. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress, isipobadilishwa, huweka humo habari 10 za karibuni tu. Ikiingia ya 11, ya zamani kuliko zote hutoka. Siku yenye matukio mengi, habari ya asubuhi inaweza kuwa imeshaondoka kwenye mlisho kabla ya magharibi.

Kwa hiyo programu ya kuhifadhi inapaswa kuusoma mlisho kila baada ya saa chache, kufuata kila kiungo kipya, na kuchukua ukurasa mzima pamoja na picha zake. Mahali pazuri pa kuuweka ni faili ya WARC, muundo uliokubaliwa kimataifa mwaka 2009 kama ISO 28500. WARC hutunza jibu la seva lilivyokuja, pamoja na anwani na saa ya kuchukuliwa. Picha ya skrini haina uthibitisho huo, na ndiyo maana hubishaniwa kirahisi.

Kazi ngumu zaidi ni sauti. Ukurasa wenye kipande cha SoundCloud ukihifadhiwa kwa kivinjari, kinachobaki mara nyingi ni kitufe cha kuchezea. Sauti yenyewe haimo, kwa kuwa iko kwenye seva nyingine. Kwa nchi ambayo watu wengi hupata habari kwa masikio, pengo hilo ni kubwa mno. Faili ya sauti lazima ichukuliwe peke yake, ipewe jina lenye tarehe, kisha iwekwe pamoja na ukurasa wake.

Internet Archive ya San Francisco imekuwa ikikusanya kurasa za dunia nzima tangu 1996, lakini ukurasa huingia humo tu ikiwa roboti yake imepita au mtu ameuwasilisha. Tovuti ndogo ya Kirundi au ya Kiswahili haina hakika ya kupitiwa kwa wakati.

Haja hii si ya wanahabari peke yao. Wakala wa forodha mwenye ofisi katika eneo la viwanda la Bujumbura anategemea matangazo ya ushuru ya mtandaoni. Tangazo likibadilishwa kimyakimya, nakala yenye tarehe ndiyo hoja yake pekee. Kompyuta ndogo isiyotumia umeme mwingi, yenye betri ya akiba kwa ajili ya umeme unaokatika, inatosha kufanya kazi hii. Nakala ziwe mbili, kila moja kwenye diski yake, na diski ya pili isikae jengo moja na ya kwanza. Moto uliowashwa kwenye vituo vya redio mwaka 2015 haukuchagua chumba.

Kila mwezi mhifadhi achomoe waya wa mtandao, afungue kurasa kadhaa kutoka kwenye diski, asikilize sauti zake hadi mwisho. Ukurasa usiofunguka uchukuliwe upya siku hiyohiyo, maadamu tovuti yake bado ipo hewani.