Dola 600,000 zilizotoka kwenye kiroba cha unga

Mwenye mashine ya kusaga na kukoboa kwa kawaida hahesabiwi miongoni mwa watu wa afya. Leseni yake ni ya biashara, jirani zake ni wauza mchele na maharage, na kinachomkosesha usingizi ni bei ya gunia, bili ya umeme na mkanda unaokatika siku ya soko. Hata hivyo, Januari 2019, mjini Abu Dhabi, tuzo ya dola za Marekani 600,000 ilikwenda kwa mradi ambao hesabu zake zote zimejengwa juu ya mashine za namna hiyo nchini Tanzania.

Mradi huo unaitwa Sanku, na tuzo yenyewe ni Zayed Sustainability Prize, inayotolewa na Falme za Kiarabu kwa kumbukumbu ya Sheikh Zayed, mwasisi wa nchi hiyo. Kwa kiwango cha wakati huo, karibu Sh. 2,300 kwa dola, kiasi hicho kilikuwa takriban Sh. bilioni 1.38. Siku hiyo hiyo kundi la afya lilichukuliwa na We Care Solar, shirika la Marekani linalopeleka masanduku ya umeme wa jua kwenye vyumba vya kuzalishia. Kundi la nishati lilikwenda kwa BBOXX, kampuni inayouza umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo Rwanda, Kenya na Kongo.

Tangu wakati huo kitita kimeongezeka. Kwa tuzo za mwaka 2025 kila kundi la mashirika lilitengewa dola milioni 1, na mfuko mzima, pamoja na fungu la shule za sekondari, ukafika dola milioni 5.9. Kwa fedha za namna hiyo si ajabu kwamba wafanyabiashara wenye miradi inayogusa afya ya watu wameanza kuulizana fomu zinapatikana wapi. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: wana nini cha kuandika humo?

BIASHARA ILIYOKO NDANI YA KIROBA

Sanku inafaa kuchunguzwa kwa sababu kilichoifikisha Abu Dhabi ni hesabu ya mfanyabiashara zaidi kuliko huruma.

Tatizo lilikuwa linajulikana. Mlaji wa mjini anapenda sembe nyeupe, na ili sembe iwe nyeupe mahindi hukobolewa, pumba na kiini vikaondoka na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Anayekula dona hupata zaidi, lakini dona haikai sana dukani na wateja wengi huiona ni chakula cha shule na jela. Dawa yake ni kurudisha virutubishi wakati wa kusaga: madini ya chuma na zinki, vitamini B12, na asidi ya foliki, ambayo mama akiipata mapema hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zililazimisha urutubishaji wa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kenya ilifuata kwa sheria ya mwaka 2012.

Viwanda vikubwa vya ngano na mafuta vilikuwa na maabara na mitambo, na havikupata taabu sana kufuata. Mahindi ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya unga wa ugali haipiti kiwanda kikubwa hata siku moja. Hupita kwenye mashine ndogo za mitaani na vijijini, maelfu kwa maelfu, ambazo mwenyewe ndiye fundi, mweka hazina na mlinzi wa usiku. Kumwambia mtu huyo apime gramu chache za virutubishi kwa kila gunia, kwa mkono, bila kukosea, ni kumtania.

Sanku ilitengeneza kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo, kikapima uzito wa nafaka inayopita na kuachia virutubishi kwa kipimo kinacholingana na uzito huo. Baadaye kiliunganishwa na mtandao wa simu ili taarifa za kila mashine zisomwe kutoka mbali. Hicho ndicho kinachopigwa picha. Lakini mfanyabiashara atavutiwa zaidi na namna virutubishi vinavyolipiwa.

Mwenye mashine hununua mifuko mitupu ya kufungia unga kila wiki, kwa bei ya mtu anayenunua kidogo. Sanku hununua mifuko hiyo kwa wingi kutoka kiwandani, ikapata punguzo, kisha ikamuuzia msagishaji kwa bei ile ile aliyoizoea sokoni. Tofauti iliyobaki ndiyo inayolipia virutubishi. Msagishaji haongezi senti, bei ya unga haipandi, na mlaji hajui kama kuna kilichobadilika.

Tuchukue mfano wa kufikirika ili hesabu ionekane. Tani moja ya unga hujaza viroba 40 vya kilo 25. Iwapo kiroba kitupu kinauzwa Sh. 500 kwa msagishaji, na mnunuzi wa jumla anakipata kwa Sh. 400, tofauti ni Sh. 4,000 kwa tani. Gharama ya virutubishi vya tani hiyo ikiwa chini ya Sh. 4,000, biashara inasimama yenyewe. Ikizidi, kuna mfadhili anayeziba pengo, ajulikane au asijulikane. Kila anayetaka kuingiza mradi wa afya kwenye tuzo angefanya vyema kuandika hesabu ya namna hii kwenye ukurasa mmoja kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Wengi hawana hesabu hiyo. Wana picha za watoto wanaocheka.

SI KILA MLANGO HUBISHWA NA MWENYEWE

Waombaji wengi hupoteza muda kwa kutojua kwamba tuzo hizi hazifanani hata katika namna ya kuingia. Tuzo ya Zayed huombwa na shirika lenyewe, liwe kampuni ndogo au ya kati, au shirika lisilogawa faida, kwa kujaza maombi kwenye mtandao, na hakuna ada ya kuingia. Tuzo ya Sasakawa, inayotolewa kupitia Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 1980 kwa kazi za afya ya msingi, haiombwi hivyo. Jina hupelekwa na mamlaka ya afya ya nchi au na aliyewahi kuipata. Mfanyabiashara anayeitamani hana budi aanze na mganga mkuu wa wilaya na kupanda ngazi hadi wizarani, maana bila wizara hakuna barua.

Rolex nayo humtunza mtu na kazi yake. Mwaka 2021 Felix Brooks-Church, mmoja wa waasisi wa Sanku, alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo hiyo, kwa kazi ile ile ya unga. Hapo kuna funzo la kibiashara: kazi moja ikiwa na kumbukumbu nzuri inaweza kupelekwa kwenye milango miwili tofauti, mmoja kwa jina la taasisi na mwingine kwa jina la mtu.

Afrika Mashariki si mgeni katika meza hizi. AMREF, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na madaktari wa kuruka na ndege, ilipata tuzo ya Conrad N. Hilton mwaka 1999 na ile ya Gates ya afya mwaka 2005. Mwaka 2018 tuzo ya Hilton, wakati huo dola milioni 2, ilikwenda kwa SHOFCO ya Kibera, inayoendesha maji, zahanati na shule katika mitaa ya mabanda. Hao wote walikuwa na miaka ya kazi nyuma yao kabla ya siku ya sherehe.

MAJAJI HUSOMA NINI

Waandaaji wa tuzo ya Zayed wametaja vigezo vitatu: matokeo, ubunifu na uwezo wa kuwavuta wengine wafuate. Maombi huchujwa, yanayobaki huchunguzwa kwa kina, kisha kamati ya uteuzi huyapunguza hadi wachache wanaopelekwa kwa majaji. Katika safari hiyo, sehemu inayowaangusha waombaji wa huku kwetu ni matokeo.

Kuna tofauti kati ya ulichotoa na kilichotokea. Tani zilizosagwa na virutubishi ni ulichotoa. Upungufu wa damu uliopungua kwa akina mama wa kata fulani ndicho kilichotokea. Cha kwanza hutoka kwenye daftari la mauzo. Cha pili kinahitaji kupima watu kabla na baada, na mtu wa nje wa kusimamia vipimo. Kipimo cha nje hugharimu, na hapo ndipo mradi mdogo hushawishika kukopa takwimu za taifa.

Takwimu hizo zipo na zinavutia. Udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 30 mwaka 2022. Mwenye mashine 3 za kusaga akiandika kwamba yeye ni sehemu ya kushuka huko, hasemi uongo, lakini hajasema kitu. Hapo katikati zimo chanjo, maji, kunyonyesha, mavuno na kipato. Jaji aliyezoea kusoma maombi ya aina hii huiona aya hiyo na kugeuza ukurasa.

Kilicho ndani ya uwezo wa mdogo ni ushahidi wa katikati. Je, unga uliotoka kweli una virutubishi? Kwa madini ya chuma kuna kipimo rahisi cha matone: unga uliorutubishwa hutoa madoa mekundu pale chembe za chuma zilipo. Daftari la vipimo vya kila siku, lenye tarehe na sahihi, pamoja na sampuli zilizopelekwa maabara inayotambuliwa mara chache kwa mwaka, lina uzito kuliko kurasa ishirini za maneno. Liongezewe stakabadhi za ununuzi wa virutubishi zinazolingana na tani zilizosagwa. Anayedai amerutubisha tani 500 huku stakabadhi zake zinatosha tani 120 ameshajifunga mwenyewe.

Hesabu zilizokaguliwa nazo si anasa. Wafanyabiashara wengi huweka hesabu mbili, moja ya mapato na nyingine ya benki, na mtindo huo hauendi pamoja na tuzo ya kimataifa. Wachunguzi wakiomba hesabu za miaka iliyopita, haitakuwepo nafasi ya kuzipika.

Gharama ya kuingia pia huhesabiwa vibaya. Fomu ni bure, lakini mtu wa kuijaza hapatikani bure, wala mkaguzi, wala maabara. Kwa mradi mdogo, wiki tatu za meneja kuacha mauzo ni fedha taslimu. Sababu nzuri ya kuzitumia ni kwamba karatasi hizo hizo ndizo zitakazotakiwa na benki au mwekezaji, tuzo ije isije.

Zipo pia tuzo za aina nyingine kabisa. Barua huja yenye nembo ya dhahabu, ikitangaza kwamba kampuni "imechaguliwa", na mwishoni inataja bei ya meza ya chakula cha jioni, bei ya kikombe na bei ya tangazo katika kitabu cha sherehe. Hakuna jaji anayetajwa, wala kigezo, wala orodha ya walioshindwa. Hiyo ni biashara ya ukumbi. Mwenye fedha za matangazo anaweza kuinunua kwa jina hilo. Asiiweke kwenye maelezo ya mradi anaporudi kuomba mtaji.

UPANDE WA MWEKEZAJI

Kwa anayetafuta pa kuweka fedha zake, kikombe kabatini kinataka kusomwa kwa uangalifu. Sanku imesimama kama shirika lisilogawa faida, kwa hiyo hakuna hisa za kununua humo. Walio kwenye nafasi ya kufaidika ni waliouzunguka: mtengenezaji wa mifuko, mwagizaji wa virutubishi, msafirishaji, na msagishaji ambaye sasa anaweza kushindania zabuni ya chakula cha shule inayotaka unga uliorutubishwa.

M-KOPA ya Nairobi ni mfano wa upande wa pili. Kampuni hiyo, iliyoanza kwa kuuza taa za jua kwa malipo ya simu na kuondoa koroboi majumbani, ilipata tuzo ya Zayed mwaka 2015 katika kundi la kampuni ndogo na za kati, dola milioni 1.5. Desemba mwaka huo huo ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 19, wawekezaji wakiongozwa na Generation Investment Management. Haimaanishi kwamba tuzo ndiyo iliyoleta mtaji. Wateja waliokuwa wakilipa kila siku kwa simu ndio waliousemea. Ila kampuni ambayo vitabu vyake vimeshapekuliwa na watu wa Abu Dhabi huwa haina mengi ya kutafuta mwekezaji anapouliza.

Katika hesabu za kampuni, fedha za tuzo zitazamwe kwenye mstari wake peke yake. Zikichanganywa na mauzo, mwaka wa tuzo utaonekana wa neema na mwaka unaofuata utaonekana kama msiba, wakati biashara haikupanda wala haikushuka.

Kwa mradi wa unga, jicho libaki kwenye vitu viwili. Mifuko ya plastiki iliyofumwa hufuata bei ya mafuta ya petroli duniani, na punguzo la mnunuzi wa jumla linaweza kuliwa katika msimu mmoja. Virutubishi navyo huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola, ilhali kiroba huuzwa kwa shilingi. Shilingi ikiteleza, zile Sh. 4,000 za tani katika mfano wa hapo juu hubaki Sh. 4,000, na bei ya virutubishi haibaki ilipokuwa.